Kung'oa krosi ya propela: nyundo, jiriwa, klampu, presi au grenda?

Dalili za krosi mbovu ya propela, yaani kiungo cha ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye magurudumu, hazijifichi. Ukitia gia, chini ya gari panagonga "tok!". Ukipita taratibu uchochoroni kuna kitu kinalia wiki-wiki-wiki kwa mpigo unaofuata mwendo wa gari. Ukishika mwendo wa barabara ya Nungwi, sakafu inatetema hadi miguuni. Umeingia uvunguni, umeishika propela ukaitikisa huku na huku, krosi inacheza, na pembeni mwa vikombe vyake pamevuja unga mwekundu wa kutu. Hapo krosi inabadilishwa, hakuna la kujadili. Linalogombaniwa ni namna ya kuing'oa ile mbovu, maana kila fundi ana njia yake na anaapa kuwa ya mwenzake inaua gari.

Njia zinazotumika hapa Unguja na Pemba ni tano, na zote zinatoa krosi. Tofauti yao iko kwenye kile kinachobaki baada ya krosi kutoka.

Vigezo

Krosi ni chuma cha mikono minne. Kila mkono umevikwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano za beringi ubavu kwa ubavu, zimelala kwenye grisi. Vikombe viwili vimebanwa kwenye masikio ya shafti, yaani ile mikono miwili yenye matundu kwenye ncha yake, viwili vimebanwa kwenye masikio ya flenji, lile bamba linalofungwa kwa bolti, au ya kile kipande kinachoingia giaboksi. Krosi ya zamani ni ya kutupwa, kwa hiyo hata ikivunjika vipande vinne hujapoteza kitu. Cha kulindwa ni masikio na bomba la shafti. Sikio likipinda kidogo tu, kikombe kipya kitaingia upande na krosi itakuwa ngumu kugeuka tangu siku ya kwanza. Bomba likibonyea, mizani ya shafti imeondoka, na utatetemeka vile vile ukiwa na krosi mpya.

Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza ni namna njia inavyoyatendea masikio na bomba. Cha pili ni kutu. Gari ya huku haizeeki kama gari ya Dodoma. Hewa yenyewe ina chumvi, na ziko pikapu za Paje na Jambiani zinazobeba magunia ya mwani uliotoka majini, maji ya bahari yanachuruzika kwenye bodi na kudondokea propela safari nzima. Kikombe kilichokunywa chumvi miaka mitatu kinashikana na sikio kama kimechomelewa. Kigezo cha tatu ni vifaa na pesa, cha nne ni hatari kwa mwili wako. Muda nimeuweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu kazi hii ikifanywa kwa pupa inarudi.

Kabla ya kuchagua njia

Kwanza tazama vikombe vimezuiwa na nini. Gari nyingi za kazi, Land Cruiser, Hilux, Canter na za aina hiyo, zina saklipu, kipete cha chuma kinachozuia kikombe kisitoke: ama imekaa nje ya kikombe kwenye mfereji wa sikio, ama imekaa upande wa ndani, kwenye mfereji wa kikombe chenyewe. Hizo zimeundwa zibadilishwe. Lakini ziko gari, Subaru ni mfano wa wazi, ambazo kiwandani vikombe vimefungwa kwa kupondwa chuma cha sikio pembeni mwake. Ukichungulia utaona alama za kupondwa, na mfereji hakuna. Krosi kama hiyo hukutarajiwa uibadilishe. Wapo mafundi wa kukereza wanaoweza kuitoa na kutengeneza mahali pa saklipu, ila hiyo si kazi ya uwani, na mara nyingi ni nafuu kutafuta shafti nzima ya mtumba. Usianze kupiga nyundo kabla hujajua gari yako iko kundi gani.

Pili, weka alama. Chukua rangi au tindo, tia alama kwenye flenji ya propela na flenji ya difu (gia za ekseli) zikiwa bado zimefungwa, na kama shafti ina sehemu ya meno inayotelezea, tia alama hapo pia. Wengi wanaliruka hili wakidhani ni urembo. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haitoi mzunguko uliolingana: shafti inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko mmoja, na pembe ikifika nyuzi 20, tofauti hiyo ni kiasi cha asilimia 6 juu na asilimia 6 chini. Krosi ya ncha ya pili ndiyo inayousawazisha mwendo huo, nayo inaweza tu ikiwa masikio ya ncha zote mbili za shafti yamelala mstari mmoja. Ukirudisha meno yakiwa yamepishana, gari itatetema na utailaumu krosi uliyonunua Darajani, na krosi haina hatia.

Tatu, kabari kwenye magurudumu, gari juu ya stendi, wala si juu ya matofali ya saruji, ambayo hupasuka bila kuaga. Kama ncha ya mbele inachomoka kwenye giaboksi, tayarisha mfuko wa plastiki na mpira wa kuufungia, la sivyo oili itakumwagikia kifuani. Shafti ikishuka, ipige brashi ya waya, toa nipeli ya grisi (kile kichomozo cha kujazia grisi) isije ikakatikia ndani, mwagia dawa ya kutu usiku kucha ukiweza, kisha toa saklipu zote nne. Zote. Saklipu moja iliyojificha chini ya tope imevunja masikio mengi kuliko nyundo. Ikigoma, gonga kikombe kidogo kuelekea ndani ili uiondolee mgandamizo, itakubali.

Jambo la mwisho kabla hatujaanza: kwa njia yoyote ya kusukuma, kikombe hakitoki chote kwa mara moja. Unasukuma kikombe cha upande mmoja kiingie ndani, krosi inakisukuma cha upande wa pili kitokeze, halafu inagota kwenye sikio. Kinachotokeza ni milimita chache. Unakikamata kwa koleo la kukaza, unakizungusha huku unavuta, kinatoka. Ukigeuza shafti na kuusukuma mkono wa krosi uliobaki wazi, na kile cha kwanza kinafuata. Asiyejua hili anaendelea kukaza pale krosi ilipogota, na hapo ndipo sikio linapofunguka.

Nyundo na maboksi

Vifaa viko kila mahali: nyundo ya kilo moja au zaidi, boksi moja la spana dogo kuliko kikombe, na boksi kubwa au kipande cha bomba ambacho kikombe kinapita ndani yake. Sikio la chini linakaa juu ya boksi kubwa, boksi dogo linakaa juu ya kikombe cha juu, unapiga. Hata barabarani, gari ya shamba imelala pembeni na abiria wamesimama kivulini, kazi inafanyika.

Kwa masikio, nyundo ni njia ambayo matokeo yake yanategemea mkono kabisa. Fundi mzoefu hupiga mapigo machache mazito yaliyonyooka, shafti ikiwa imeegemezwa vizuri chini ya sikio. Kijana anapiga mengi mepesi ya pembeni, na kila pigo linakwenda kwenye bomba. Iko pia mbinu ya kulipiga sikio lenyewe ili kikombe kijitokeze juu taratibu. Inafanya kazi kweli, nimeiona ikitoa vikombe vilivyokuwa vimegoma, lakini inaliponda sikio na kuufinya mfereji wa saklipu. Siipendi ila kwa shafti ambayo tayari unajua utaitupa.

Kutu ya kawaida nyundo inaiweza, kwa sababu mshtuko unavunja kutu vizuri kuliko mgandamizo wa polepole. Kutu nzito inaishinda. Kwa mwili wako hatari kubwa ni jicho. Boksi la kawaida linalong'aa ni gumu na linaweza kurusha kipande likipigwa, kwa hiyo tumia yale meusi ya mashine, na vaa miwani hata kama wenzako wanacheka.

Inamfaa aliye mbali na gereji, na fundi ambaye mkono wake umezoea.

Jiriwa

Jiriwa ni kile kibanio cha mezani chenye taya mbili. Hii ndiyo njia ninayowashauri wengi wenye gereji ndogo au karakana ya nyumbani. Maboksi ni yale yale mawili, lakini badala ya nyundo, taya za jiriwa ndizo zinazosukuma. Dogo upande huu, kubwa upande ule, krosi katikati, unakaza.

Uzuri wake ni kwamba mkono unasikia. Mpini ukiwa mzito kuliko inavyostahili, unasimama, unatazama: boksi limekaa upande? saklipu imebaki? Kutu inapoachia, unasikia mlio mmoja mkavu, na mpini unalegea ghafla. Nguvu inapita katikati ya masikio moja kwa moja, bomba haliguswi, mradi ncha nyingine ya shafti umeiegemeza juu ya kiti au kigogo cha kimo kile kile. Shafti ikining'inia, uzito wake unavuta upande na kikombe kinajikunja ndani ya sikio. Na bomba lenyewe usilibane kwenye taya kwa hali yoyote. Ni jembamba kuliko linavyoonekana.

Udhaifu wake ni jiriwa yenyewe. Nyingi zinazouzwa madukani ni za chuma cha kumimina, nyepesi, na ukichomeka bomba la futi tatu kwenye mpini ili uongeze nguvu, kinachopasuka ni jiriwa. Taya zisizofunguka vya kutosha hazitachukua krosi ya Canter pamoja na maboksi mawili. Kwa kutu nzito, kaza hadi mwisho wa nguvu zako, kisha gonga sikio kwa pembeni, pigo moja la wastani, mgandamizo ukiwepo. Mara nyingi mshtuko na mgandamizo vikikutana kikombe kinaachia pale ambapo kimoja peke yake kingeshindwa.

Kwa usalama, hii ni ya utulivu kuliko zote. Inamfaa mwenye meza imara, mwenye krosi ya gari ndogo hadi ya kati, na anayejifunza.

Klampu ya krosi

Ile yenye umbo la C, yenye skrubu ndefu na vikombe vya kupokelea, ambayo mafundi huitumia pia kutolea boli jointi. Kimsingi ni jiriwa unayoweza kuichukua begani. Nguvu yote inazunguka ndani ya fremu ya klampu, kutoka sikio hadi sikio, kwa hiyo ukiipanga sawa, masikio yanatendewa haki na bomba halihusiki. Huhitaji meza. Fundi anayefuata gari Makunduchi au Micheweni anaiweka kwenye mkoba, anafanya kazi chini ya mwembe.

Bei yake ni zaidi ya nyundo na maboksi, na zile za rahisi fremu yake inafunguka ukikaza sana, skrubu inapinda, na ikishapinda haisukumi tena katikati. Paka grisi kwenye meno ya skrubu kila mara, na usiikaze kwa mashine ya upepo kama hujui uimara wake. Pale klampu nzuri inapokuwa imekazwa kisawasawa na kikombe hakijasogea, iache hivyo dakika kadhaa, pulizia dawa ya kutu, gonga kichwa cha skrubu. Usisimame mbele ya mhimili wake: kikombe kikiachia ghafla, kitu kinaruka.

Inamfaa fundi anayetembea, na mwenye gari kadhaa za kuhudumia, kama vile za kukodisha watalii. Kwa anayebadilisha krosi mara moja katika maisha ya gari yake, kuinunua ni kupoteza pesa, aazime.

Presi ya haidroliki

Tani 12 au 20 zinazimaliza krosi zote isipokuwa zile za malori makubwa yaliyooza. Vifaa huna haja ya kununua, unabeba shafti hadi karakana ya mjini, unalipia kazi. Kwa kutu, hakuna njia ya kusukuma inayoipita hii.

Lakini presi haina hisia. Jiriwa inakuambia mkononi kuwa kuna tatizo. Presi inaendelea kupampu. Kama sikio halijaegemezwa moja kwa moja chini yake, masikio mawili yanafinywa pamoja na hujui mpaka kikombe kipya kikatae kuingia. Propela ya gari ndefu ni kubwa na nzito, inabidi ilale juu ya mihimili miwili ndani ya fremu iliyokusudiwa vitu vifupi, na karakana yenye haraka haitaki kusumbuka kuipanga. Kwa hiyo usiache shafti ukaenda kunywa kahawa. Simama, uliza sikio litaegemea wapi, na uliza wanapampu kidogo kidogo au kwa mkupuo. Fundi anayeijua kazi yake hachukii swali hilo. Na simama pembeni ya presi, usiwe mbele yake.

Inafaa kwa Canter, Dyna na gari za mizigo, na kwa krosi ambayo jiriwa imeshindwa nayo.

Grenda, na moto

Grenda, mashine ya diski ya kukatia chuma, watu huiona kama njia ya fundi asiyejua. Mimi naitetea. Kama krosi ni ya kutupwa, kuna ubaya gani kuikata? Unakata mikono ya krosi karibu na mwili wake, katikati ya masikio, msalaba unaanguka vipande, na vikombe vinne vinabaki kila kimoja peke yake. Sasa unaweza kukisukuma kimoja kimoja kuelekea ndani au nje, kwa nguvu ndogo sana, bila kuyalazimisha masikio mawili kwa wakati mmoja. Kwa shafti iliyokula chumvi ya mwani, hii inaweza kuwa njia ya upole kuliko presi.

Sharti lake ni mkono usiotetemeka. Diski ikigusa ndani ya sikio, umelichonga. Cheche na tangi la mafuta havikai pamoja, kwa hiyo shafti itoke kwenye gari kwanza. Na kabla ya kukata, hakikisha krosi mpya iko mkononi, umeilinganisha na ya zamani: kipenyo cha kikombe, na urefu kutoka uso wa kikombe hadi uso wa kikombe cha upande wa pili. Kwa walioko Pemba hili ni la muhimu zaidi, maana krosi isiyolingana inaweza kumaanisha kungoja boti nyingine ifike bandari ya Mkoani, na krosi iliyokatwa huwezi kuirudisha hata kwa kujikokotea nyumbani.

Moto wa gesi ni habari nyingine. Kupasha sikio joto la wastani kunasaidia kikombe kuachia. Kulipasha hadi liwe jekundu kunakilainisha chuma chake. Grisi iliyofungiwa ndani ya kikombe inaweza kuchemka ikalipuka usoni, mpira wa beringi inayoshikilia shafti katikati unaungua, na masikio ya alumini hayatakiwi kuona moto kabisa. Gesi naikubali mkononi mwa mchomeleaji anayejua, na kwa sikio la chuma tu.

Inafaa kutu iliyoshinda mengine yote.

Kipi ukichague

Daladala imekufa njiani kwenda Makunduchi na utingo ana nyundo tu: nyundo na maboksi, mapigo machache mazito, shafti iliyoegemezwa chini ya sikio. Au ukiweza, ifungue propela na uivute gari hadi mjini.

Noah au Escudo yako ya nyumbani, kutu ya kawaida, una meza na Jumapili nzima: jiriwa. Dawa ya kutu iwekwe Jumamosi jioni.

Unahudumia gari za watu vijijini: klampu nzuri moja, nyundo kama msaidizi wake.

Canter inayobeba karafuu au mchanga, vikombe vikubwa: presi, na wewe usimame hapo hapo. Ikiwa Pemba presi iko mbali nawe, klampu kubwa pamoja na mkao wa subira vinaweza kukutosha.

Pikapu ya mwani, kila kitu kimegeuka chuma kimoja: jaribu jiriwa au klampu kwa nguvu ya kiasi, na ikigoma usiongeze bomba kwenye mpini, chukua grenda. Masikio yenyewe yakiwa yamelika na kutu hadi kikombe kinacheza ndani yake, hakuna njia ya kung'oa itakayokusaidia. Tafuta shafti nyingine.

Vikombe vilivyopondewa kiwandani: usianze mwenyewe. Ipeleke kwa fundi wa kukereza akuambie kama inafaa, na huku unaulizia bei ya shafti ya mtumba ya gari ile ile, yenye urefu ule ule na flenji ile ile.

Na kwa njia yoyote utakayotumia, krosi ikishatoka pitisha kidole ndani ya kila sikio na kwenye kila mfereji. Mikwaruzo iondoe kwa msasa laini, usitumie tupa (chuma cha kusugulia). Wakati wa kurudisha, saklipu ikikataa kuingia ijapokuwa kikombe kinaonekana kimefika, usiilazimishe kwa nyundo: sindano moja imelala chini ya mkono wa krosi. Toa kikombe, zipange upya kwa grisi, rudisha.